Kuzima neva za figo: tiba mpya ya presha na somo lake kwa Afrika Mashariki

Mwezi Novemba 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya kuzima neva za figo ili kupunguza shinikizo la juu la damu. Kifaa cha kwanza kiliidhinishwa tarehe 7, cha pili tarehe 17. Tiba hiyo iliyokuwa imetangazwa, ikaporomoka, kisha ikafufuka ndani ya miaka 15, ikapata rasmi mlango wa kuingia hospitalini katika nchi yenye soko kubwa zaidi la vifaa vya tiba duniani.

Kwa mgonjwa aliyechoka kumeza vidonge kila asubuhi, habari hizo zina mvuto mkubwa. Anasikia kwamba mrija mwembamba unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja, neva zikazimwa, naye akarudi nyumbani akiwa na presha iliyopungua. Nchini Kenya, Uganda, Tanzania na kwa majirani zao, ambako maradhi hayo yamekuwa ya kawaida mijini na vijijini, ni jambo la haki watu kuuliza ni lini tiba hiyo itawafikia. Hata hivyo, historia ya tiba yenyewe inaonyesha kwamba kuna swali linalopaswa kutangulia: inapunguza presha kwa kiasi gani, na nani anaihitaji kweli?

Neva zinazoamrisha bila kuulizwa

Mwili wa binadamu una mtandao wa neva unaofanya kazi bila kusubiri amri ya mwenyewe. Sehemu moja ya mtandao huo huitwa mfumo wa simpathetiki. Mtu anaposhtuka, mfumo huu ndio unaoharakisha mapigo ya moyo, unaobana mishipa ya damu na unaotoa jasho viganjani. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon aliueleza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mfumo wa kumtayarisha kiumbe apigane au akimbie.

Miongo kadhaa kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1850, Mfaransa Claude Bernard alikuwa amekwisha kuonyesha nguvu ya neva hizo kwa jaribio jepesi. Alikata neva ya simpathetiki shingoni mwa sungura, na sikio la upande huo likawa jekundu na lenye joto, kwa kuwa mishipa yake ya damu ilikuwa imelegea. Kuanzia hapo madaktari walijua kwamba kukata neva kunaweza kubadili mwendo wa damu.

Figo nazo zimezungukwa na neva za aina hiyo, zinazopita kwenye kuta za ateri zinazozilisha damu. Neva hizo zinapochangamka kupita kiasi, figo hubakiza chumvi na maji mwilini, na kutoa kimeng'enya cha renini ambacho huanzisha mfululizo wa mabadiliko yanayobana mishipa. Figo zenyewe pia hurudisha ishara kwenye ubongo na kuufanya uendelee kuamrisha presha ipande. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo kwamba mawasiliano hayo yakikatwa, shinikizo la damu litashuka.

Kisu cha miaka ya 1940

Wazo hilo si jipya. Katika miaka ya 1930 na 1940, kabla ya kupatikana dawa za kutegemewa, madaktari wa upasuaji nchini Marekani walikuwa wakifungua mgongo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ndefu ya mnyororo wa neva za simpathetiki. Max Peet wa Michigan na Reginald Smithwick wa Boston ndio walioongoza kazi hiyo. Mwaka 1953, Smithwick na mwenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 1,266 waliofanyiwa upasuaji huo, ikionyesha kwamba waliishi muda mrefu zaidi kuliko wagonjwa wengine ambao hawakupasuliwa.

Ili kuelewa kwa nini watu walikubali kupasuliwa namna hiyo, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Rais wa Marekani Franklin Roosevelt alikuwa na madaktari bora wa taifa lake, lakini presha yake ilipanda mwaka baada ya mwaka bila wao kuwa na silaha ya maana ya kuizuia. Siku aliyofariki, tarehe 12 Aprili 1945, daktari wake alipima shinikizo la 300 kwa 190. Alikufa kwa kiharusi.

Lakini upasuaji ule ulidai gharama kubwa mwilini. Mgonjwa alikaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Wengi walizimia kila waliposimama ghafla, kwa sababu mishipa ya miguu haikuweza tena kujibana ili kuirudisha damu juu. Wanaume wengi walipoteza nguvu za kiume. Wengine walitokwa na jasho jingi sehemu za mwili zilizobaki na neva. Mwishoni mwa miaka ya 1950, dawa za kuongeza mkojo zilipoingia sokoni katika umbo la vidonge, kisu kiliwekwa kando. Kilikuwa kimethibitisha kwamba neva hizi zina mchango katika presha, na pia kwamba kuzikata zote ovyo ni sawa na kubomoa nyumba ili kumfukuza panya.

Kutoka Melbourne hadi duniani

Wazo lilirudi kupitia Australia. Katika Taasisi ya Baker jijini Melbourne, Profesa Murray Esler na wenzake walikuwa wametumia miaka mingi kupima kiasi cha noradrenalini, kemikali inayotolewa na neva za simpathetiki, kinachovuja kutoka kiungo kimoja kimoja na kuingia kwenye damu. Vipimo vyao vilionyesha kwamba kwa watu wengi wenye shinikizo la juu, neva za figo hufanya kazi kupita kiasi. Ikiwa ndivyo, hakukuwa na haja ya kung'oa mnyororo mzima. Ingetosha kuzifikia neva za figo peke yake.

Njia iliyopatikana ni kupitisha mrija mwembamba, yaani kateta, kutoka kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya ateri ya figo. Ncha ya kateta hutoa nishati ya mawimbi ya redio inayopasha joto ukuta wa mshipa na kuunguza neva zilizo nyuma yake. Aina nyingine ya kifaa hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, huku puto lenye maji likiupoza ukuta wa mshipa usiungue. Hakuna kidonda kikubwa.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalihusu wagonjwa 45 tu, lakini presha zao zilishuka sana. Mwaka 2010 yalifuata matokeo ya jaribio la pili lenye wagonjwa 106. Waliofanyiwa tiba walishuka kwa wastani wa milimita 32 za zebaki katika kipimo cha juu cha shinikizo, ilhali wale walioendelea na vidonge tu hawakubadilika. Ni nadra kuona dawa inayoshusha presha kiasi hicho. Kampuni ya Medtronic ilikubali kulipa dola milioni 800 kwa kuanzia ili kuinunua kampuni changa iliyobuni kifaa hicho. Hospitali za Ulaya zikaanza kuitoa tiba hiyo kwa maelfu ya watu.

Jaribio hilo la pili lilikuwa na kasoro moja ambayo wengi waliiona ndogo. Kila mgonjwa alijua yuko kundi gani. Aliyetibiwa alijua ametibiwa, na aliyebaki na vidonge alijua amebaki navyo.

Tiba ya kuigiza yafichua mengi

Mamlaka za Marekani zilidai ushahidi mgumu zaidi. Katika jaribio lililofanyika kwenye vituo 88 nchini humo, wagonjwa 535 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walilazwa mezani, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi, wakafungwa macho na kupitishiwa mrija. Wagonjwa 364 waliunguzwa neva. Wengine 171 walipigwa picha ya mishipa tu, kisha mrija ukatolewa. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa amefanyiwa lipi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi 6, waliotibiwa walikuwa wameshuka kwa milimita 14. Waliofanyiwa tiba ya kuigiza walikuwa wameshuka kwa karibu 12. Tofauti ya milimita 2 na ushei ilikuwa ndogo mno kuweza kuthibitisha lolote. Tiba iliyokuwa ikisifiwa kwa kushusha presha milimita 32 ilikuwa imeshindwa kujitenga na maigizo yake.

Je, presha ya wale ambao hawakutibiwa ilishukaje? Sababu ni zaidi ya imani ya mgonjwa. Kwanza, watu huchaguliwa kuingia katika jaribio siku ambayo vipimo vyao viko juu sana, na kipimo kilicho juu sana kwa kawaida huteremka chenyewe kinaporudiwa. Pili, mtu anayejua kwamba anafuatiliwa na madaktari huanza kumeza vidonge alivyokuwa akiviruka. Tatu, wapimaji nao, wakitarajia mema, huweza kuyaona.

Sababu ya pili inawahusu kwa karibu watu wenye asili ya Afrika. Takriban robo ya washiriki wa jaribio hilo walikuwa Wamarekani weusi. Miongoni mwao, waliofanyiwa tiba ya kuigiza walishuka presha kiasi kwamba faida ya tiba halisi haikuonekana kabisa. Miongoni mwa washiriki wengine ilikuwapo tofauti kidogo. Watafiti waliochambua takwimu hizo waliona uwezekano mkubwa kwamba wagonjwa weusi walibadili namna ya kumeza dawa walipoingia katika uangalizi wa karibu. Ikiwa ndivyo, kilichowasaidia kilikuwa kupata vidonge vyao na mtu wa kuwafuatilia, na hilo halihitaji kateta.

Tiba yarejea kwa sauti ya chini

Wachunguzi waligundua pia makosa ya kiufundi. Zaidi ya madaktari 100 walishiriki kutoa tiba, wengi wao wakiwa wamefanya kazi hiyo mara chache mno, na ni wagonjwa wachache tu waliounguzwa neva kuuzunguka mshipa wote katika figo zote mbili. Vifaa vikaboreshwa. Majaribio mapya yakapangwa, safari hii yote yakiwa na kundi la kuigiza, presha ikipimwa kwa saa 24 kwa mashine inayovaliwa, na mkojo na damu vikichunguzwa ili kujua nani amemeza dawa.

Uchunguzi huo wa dawa ulitoa jibu lake lenyewe. Katika jaribio mojawapo, karibu wagonjwa 4 kati ya 10 hawakuwa wakimeza vidonge kama walivyoandikiwa, ingawa walijua watapimwa.

Kuhusu tiba, majibu yalikuwa ya kiasi. Mwaka 2020, jaribio la wagonjwa 331 wasiotumia dawa lilionyesha kwamba waliozimwa neva walishuka takriban milimita 4 zaidi ya waliofanyiwa maigizo, kwa kipimo cha saa 24. Majaribio ya kifaa cha mawimbi ya sauti, ambayo Profesa Michel Azizi wa Paris alikuwa miongoni mwa viongozi wake, yalitoa picha inayokaribiana na hiyo. Lakini jaribio kubwa la wagonjwa waliokuwa wakiendelea na vidonge, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, halikuonyesha tofauti ya maana katika kipimo cha saa 24. Kamati ya washauri iliyoketi Marekani mwezi Agosti 2023 ilikiunga mkono kifaa kimoja kwa wingi wa kura, na kugawanyika karibu nusu kwa nusu kuhusu cha pili. Miezi mitatu baadaye vyote viwili vikaidhinishwa.

Chama cha Madaktari wa Moyo cha Ulaya, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kinaitaja tiba hii kuwa jambo linaloweza kufikiriwa kwa mgonjwa ambaye presha yake imekataa kutii mchanganyiko wa dawa tatu, katika kituo chenye uzoefu, na baada ya kuelezwa faida na hatari. Mwongozo huo hauipendekezi kama tiba ya kuanzia.

Milimita 4 zina uzito gani?

Si haki kuzidharau. Uchambuzi mpana wa majaribio ya dawa, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kushusha kipimo cha juu cha shinikizo kwa milimita 5 hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 10. Tena, tofauti na kidonge kinachoisha nguvu kabla ya alfajiri, neva zilizozimwa huendelea kuwa kimya usiku na mchana. Ufuatiliaji wa wagonjwa kwa miaka 3 unaonyesha kwamba presha hubaki chini na kwamba madhara kwenye mishipa ya figo ni nadra.

Pamoja na hayo, hadi sasa hakuna jaribio lililothibitisha moja kwa moja kwamba tiba hii inapunguza viharusi au vifo. Wagonjwa wengi huendelea kumeza vidonge baada ya kutibiwa. Tena daktari hana njia rahisi ya kujua, akiwa bado mezani, kama neva zimezimika kweli, wala ya kutabiri ni mgonjwa yupi atakayefaidika.

Hesabu ya Afrika Mashariki

Hapa ndipo mjadala unapofika nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu wazima bilioni 1.4 wana shinikizo la juu la damu, wengi wao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu yao hawajui. Ni mtu 1 tu kati ya 5 ambaye presha yake imedhibitiwa.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha maishani. Mtu wa namna hiyo hana shida ya dawa kushindwa kumtibu, kwani hajawahi kuandikiwa dawa yoyote. Maradhi hayana maumivu, naye huyajua siku anapoanguka kwa kiharusi, akaacha shamba au biashara na kuwa mzigo mikononi mwa binti au mke.

Eneo hili pia lina ushahidi wake lenyewe, usiotoka Melbourne wala Boston. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwashirikisha wagonjwa weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Lilipima michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Michanganyiko miwili yenye amlodipini ilishusha presha kwa takriban milimita 17 ndani ya miezi 6. Ule usio na amlodipini ulishusha takriban 14. Haifai kuweka 17 hizo kwenye mizani dhidi ya milimita 4 za kateta, kwa sababu jaribio hilo halikuwa na kundi la dawa tupu. Kinacholinganika zaidi ni tofauti kati ya makundi. Kuchagua vidonge vinavyofaa badala ya visivyofaa sana kulileta faida ya milimita 3, karibu sawa na ile inayoletwa na kifaa kinachohitaji chumba cha picha za mishipa, bingwa wa moyo na siku hospitalini. Dawa hizo ni za zamani na hutengenezwa na viwanda vingi. Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vyenye dawa mbili za presha kwa pamoja katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hivyo basi, swali la lini tiba mpya itafika katika eneo hili lina jibu la pande mbili. Wapo wagonjwa watakaoihitaji, ambao wanameza dawa tatu kwa uaminifu na bado presha yao haiteremki, au miili yao haivumilii dawa. Hao wanastahili kufikiriwa katika hospitali kubwa za rufaa, na madaktari wa eneo hili wanastahili kuwa sehemu ya majaribio yajayo, ili faida kwa Waafrika ipimwe na Waafrika wenyewe na isikisiwe kutoka kwenye takwimu za Wamarekani weusi. Lakini mgonjwa anayeombwa kulipia tiba hiyo kabla hajapimwa zaidi ya siku moja, kabla hajajaribiwa dawa tatu kwa dozi kamili, na kabla ya mtu kumuuliza kwa upole kama anazimeza kweli, ana kila sababu ya kusita na kutafuta ushauri mwingine.

Kundi la wagonjwa 171 waliolala mezani na kuamka bila kutibiwa ndilo lililotoa funzo zito kuliko yote katika safari hii. Presha yao ilishuka karibu milimita 12 bila neva hata moja kuguswa. Walikuwa wamepimwa kwa makini, wamepewa tarehe ya kurudi, na walijua kuna mtu anayesubiri kuona vipimo vyao. Zahanati ya kata yenye mashine ya kupimia presha, akiba ya vidonge isiyokatika na muuguzi anayelikumbuka jina la mgonjwa inaweza kutoa huduma hiyo leo. Kwa wengi wa wanaoishi na presha katika Afrika Mashariki, huduma hiyo bado haijafika, na haina budi kuitangulia kateta.